Kwa Nini Hewa na Vitu Vingine Hutanuka Vipatapo Joto

1. Kopo lililodhaniwa kuwa tupu

Jioni moja huko Kilwa Kisiwani watu walikuwa wakichoma chokaa. Kazi hii ni ya kale sana katika pwani ile. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na juu yake huwekwa mawe ya matumbawe. Kisha moto hutiwa, nao huwaka kwa muda mrefu mpaka mawe yageuke chokaa. Kwa chokaa ya namna hii wahenga walijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa, na pia jumba la Husuni Kubwa, ambalo lilijengwa yapata miaka 700 iliyopita.

Watoto walikusanyika kuutazama moto. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameokota kopo la mafuta lililokwisha, na kifuniko chake kilikuwa kimekazwa barabara. Akainua mkono ili alitupe motoni. Babu yake, ambaye alikuwa mvuvi tangu ujana wake, akamrukia akamshika mkono.

“Usilitupe, mjukuu wangu!”

“Lakini babu, hili ni kopo tupu. Halina kitu ndani.”

“Si tupu. Lina hewa, na hewa iliyofungiwa ikipata moto hutafuta njia ya kutokea. Nilipokuwa na umri kama wako, mwenzangu mmoja alitupa kopo kama hilo motoni. Likapasuka kwa kishindo, na kipande cha bati kikampiga jichoni. Tangu siku ile mpaka kufa kwake aliona kwa jicho moja tu.”

Kijana akaliweka kopo chini. Akakaa akifikiri, kisha akasema, “Babu, hewa haionekani wala haishikiki. Yapata wapi nguvu za kupasua bati?”

Mzee akajibu, “Nguvu zake nazijua sana, maana ndizo zilizonisukuma baharini miaka arobaini. Lakini sababu yake sikufundishwa. Kesho kamuulize mwalimu wako, kisha uje unifundishe na mimi.”

Somo hili ni jibu la swali la kijana yule.

2. Jaribio la chupa na mikono

Jambo la kwanza ni kuhakikisha ya kwamba hewa hutanuka kweli. Mwanafunzi atwae chupa tupu, aigeuze kichwa chini, na kuutia mdomo wake ndani ya bakuli la maji. Kisha mwenzake asugue viganja vya mikono mpaka vipate joto, aishike chupa kwa mikono miwili, na kutulia. Baada ya muda kidogo watayaona mapovu yakitoka mdomoni mwa chupa moja moja. Mapovu hayo ni hewa. Hakuna aliyeipuliza hewa ile wala aliyeisukuma. Imepata joto, ikatanuka, na kwa kuwa chupa haikuitosha tena, sehemu yake ikatoka.

Sasa mwenye kuishika chupa aiache, na chupa ipoe. Maji yatapanda kidogo ndani ya shingo ya chupa. Hewa iliyobaki imepoa na kunywea, na maji yameingia kushika nafasi iliyoachwa.

Wataalamu walipima jambo hili kwa uangalifu. Mfaransa mmoja, Jacques Charles, alilichunguza karibu na mwaka 1787, na Mfaransa mwenzake, Joseph Louis Gay-Lussac, akatangaza vipimo vyake mwaka 1802. Waliona ya kwamba hewa, na gesi nyingine pia, hutanuka kwa kipimo kimoja. Katika joto la kawaida la pwani, yaani digrii 27, hewa ikiongezewa digrii 3 hutanuka sehemu moja katika mia. Basi chupa ya mililita 700 ikizidi joto kwa digrii 6, hewa ya mililita 14 hivi itatoka, nayo ni kadiri ya vijiko vitatu vya chai.

Lakini hewa iliyomo ndani ya kopo lililofungwa haina njia ya kutokea. Kwa kuwa haiwezi kutanuka, husukuma kuta za kopo kwa nguvu zaidi na zaidi. Joto la moto wa kuni likifika digrii 600, hewa ile husukuma kwa nguvu karibu mara tatu ya nguvu zake za kwanza. Tena ikiwa ndani mlibaki maji kidogo, hatari huzidi sana, kwa maana maji yakigeuka kuwa mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile waliyokuwa nayo. Hapo bati hushindwa, hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi. Kwa hiyo mtu mwenye akili hatupi motoni kopo, chupa, wala mkebe wowote uliofungwa, hata akiona kuwa ni mtupu.

3. Sababu yenyewe

Vitu vyote vilivyomo duniani, hewa, maji, chuma, mti na jiwe, vimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli au atomu. Udogo wake hausemeki. Hakuna jicho la mtu liwezalo kuziona. Chembe hizi hazitulii hata kidogo. Chembe za hewa tuivutayo huruka huku na huko kwa mwendo wa karibu mita 500 kwa kila sekunde, zikigongana zenyewe kwa zenyewe na kuzigonga kuta za chombo. Chembe za chuma haziruki hivyo. Kila moja ina mahali pake, lakini hutikisika papo hapo bila kukoma.

Joto ni nini basi? Kitu kikipata joto, chembe zake huzidi mwendo. Kikipoa, hupunguza mwendo. Na chembe zikizidi mwendo, huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Mfano wake ni ngoma. Watu arobaini wakiketi uani wakizungumza, uwanja mdogo huwatosha. Ngoma ikianza, kila mmoja husimama na kucheza, na mara uwanja ule ule huonekana mdogo. Ngoma ikikolea, wachezaji huwasukuma watazamaji nyuma, na duara hutanuka. Je, watu wameongezeka? La. Je, wamenenepa? La. Ni wale wale, na miili yao ni ile ile. Kilichozidi ni mwendo wao. Ndivyo ilivyo kwa hewa na kwa chuma. Chembe haziongezeki wala hazinenepi, bali kila moja huisukuma jirani yake mbali kidogo.

Katika hewa chembe hazishikani, kila moja ni huru, kwa hiyo hewa hutanuka sana. Katika maji na mafuta chembe hukaa karibu karibu na huvutana, kwa hiyo hutanuka kidogo. Katika vitu vigumu kama chuma na jiwe zimeshikana kwa nguvu, kwa hiyo hutanuka kidogo zaidi.

4. Mafuta na maji

Mwuza mafuta wa Lindi ajuaye kazi yake hajazi debe mpaka ukingoni asubuhi na mapema. Debe la mafuta ya taa huchukua lita 18. Likijazwa kabisa wakati wa baridi ya alfajiri, kisha likaachwa juani mpaka mafuta yazidi joto kwa digrii 15, karibu robo lita itamwagika chini. Mnunuzi atadhani debe linavuja, na mwenye duka atadhani ameibiwa, kumbe mwizi ni jua. Kwa sababu hiyo hiyo huachwa nafasi juu ya matangi ya petroli.

Kutanuka huku kuna faida pia. Katika kipimajoto zebaki au spiriti hufungwa ndani ya kioo chenye tundu jembamba kama unywele. Ikipata joto hutanuka na kupanda, nasi husoma digrii pembeni.

Maji yana tabia yake ya ajabu. Yakipozwa hunywea kama vitu vingine mpaka kufika digrii 4, kisha yakizidi kupoa hugeuka na kuanza kutanuka. Yakiganda kuwa barafu huzidi nafasi karibu sehemu 9 katika mia. Ndiyo sababu barafu huelea, na ndiyo sababu chupa ya kioo iliyojaa maji hupasuka ikiachwa ndani ya mtambo wa kugandisha samaki.

5. Chuma, kioo na saruji

Kutanuka kwa chuma ni kudogo, lakini nguvu zake si ndogo. Chuma cha urefu wa mita 10 kikizidi joto kwa digrii 30 hurefuka milimeta 3 na nusu hivi tu. Mtu aweza kucheka akisikia kipimo hicho. Lakini kilometa moja ya reli, kwa joto hilo hilo, hurefuka zaidi ya sentimeta 35.

Watu wa Lindi walipata kuwa na reli yao. Wakati wa ule mpango mkubwa wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947, njia ya reli ilijengwa kutoka Mkwaya, penye hori ya Lindi, kwenda Nachingwea, na baadaye njia nyingine ikafika Mtwara. Mpango wa karanga haukufaulu, ukakomeshwa mwaka 1951. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Reli za siku zile ziliungwa kipande kwa kipande, na kati ya kipande na kipande mafundi waliacha upenyo mdogo. Ule mlio wa “ta-ta, ta-ta” uliosikika garimoshi likipita ulikuwa mlio wa magurudumu yakivuka penyo hizo. Kama wasingaliziacha, jua la mchana lingalizirefusha reli, nazo kwa kukosa nafasi zingalipinda kando kama nyoka, na garimoshi lingalianguka pamoja na watu wake.

Leo msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Urefu wake ni mita 970 hivi. Daraja refu namna hiyo, likizidi joto kwa digrii 10 tu, hurefuka karibu sentimeta 10. Kwa hiyo mafundi wa madaraja huacha nafasi katika maungo ili saruji ipate kutanuka mchana na kunywea usiku pasipo kupasuka. Tena ni bahati njema kwa wajenzi kwamba chuma na saruji hutanuka kwa kadiri karibu sawa. Kama sivyo, nondo zilizomo ndani ya zege zingalilipasua.

Kioo nacho hutufundisha. Mtu akimimina chai ya moto ndani ya bilauri nene yenye baridi, upande wa ndani hupata joto na kutanuka, na upande wa nje bado ni baridi na haujatanuka. Pande mbili zavutana, na bilauri hupasuka. Chimni ya taa iliyo moto ikidondokewa na tone moja la maji hupasuka kwa sababu iyo hiyo.

6. Hewa yenye joto na pepo za pwani

Sasa turudi kwenye moto wa chokaa. Mtu akisimama karibu na moto ule huona cheche zikipaa juu moja kwa moja. Tena, miguuni husikia upepo ukivuta kuelekea motoni. Hewa iliyo juu ya moto imetanuka. Chembe zake zimetawanyika, na kwa hiyo ni nyepesi kuliko hewa ya kando iliyo na ubaridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye digrii 27 ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ikifika digrii 100 haifiki kilo moja. Hewa nzito hujisukuma chini na kuinua ile nyepesi, kama maji yanavyoliinua povu. Kwa njia hii puto la kitambaa lililojazwa hewa ya moto liliwapandisha watu wawili angani huko Paris, tarehe 21 Novemba 1783. Siku hizi maputo ya namna hiyo huwapandisha wageni huko Serengeti alfajiri, wapate kuona wanyama.

Yafanyikayo katika moto wa chokaa hufanyika pia katika pwani nzima, na moto wake ni jua. Mchana nchi kavu hupata joto upesi. Bahari haipati joto upesi hivyo, maana maji huhitaji joto jingi ili yazidi digrii moja, tena mawimbi huyachanganya. Basi hewa ya nchi kavu hutanuka, huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baharini huja kushika mahali pake. Huu ndio upepo wa bahari uvumao alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, bahari hubaki na uvuguvugu wake, na upepo hutoka bara kwenda baharini. Watu wa pwani huuita umande. Wavuvi hutweka matanga alfajiri na kutoka na umande, kisha hurudi alasiri na upepo wa bahari. Siku ambazo pepo kubwa ni kali, pepo hizi ndogo hufunikwa, wala hazionekani sana.

Pepo kubwa zenyewe, kaskazi na kusi, zina asili iyo hiyo, ila uwanja wake ni nusu ya dunia. Kuanzia Desemba mpaka Februari jua huwa upande wa kusini. Bara la Asia hupoa, hewa yake huwa nzito, nayo hutiririka kuja kwetu. Hiyo ni kaskazi. Kuanzia Juni mpaka Agosti jua huwa upande wa kaskazini. Bara la Asia hupata joto, hewa yake hutanuka na kupanda, na hewa ya kwetu huenda kushika nafasi yake. Hiyo ni kusi. Kuzunguka kwa dunia huzipinda pepo hizi njiani, kwa hiyo haziendi kwa mstari ulionyoka.

Pepo hizi ndizo zilizoijenga Kilwa. Jahazi lililotoka Arabuni liliweza kufika Kilwa kwa kaskazi moja na kurudi kwa kusi ya mwaka ule ule. Lililotaka kwenda mbali zaidi upande wa kusini lilikuwa katika hatari ya kukawia mpaka msimu ugeuke. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ililetwa Kilwa, na wafanyi biashara wakaifuata Kilwa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa kwa njia hii mwaka 1331 akitokea Mogadishu na Mombasa, kisha akasafiri kwenda Dhofar katika Arabuni. Nahodha asiyejua majira alipata hasara kubwa. Aliyechelewa kuondoka alikuta upepo umemgeukia usoni, naye akalazimika kukaa ugenini miezi mingi, bidhaa zikiharibika na watoto wake wakimngoja.

7. Kijana amfundisha babu yake

Kijana yule alipokwisha kufundishwa haya shuleni, alimwendea babu yake akamweleza yote. Mzee akasikiliza kimya, kisha akasema, “Kesho alfajiri tutakwenda wote.”

Kabla ya jua kuchomoza wakasukuma mashua. Umande ulikuwa ukivuma polepole kutoka bara, wenye harufu ya moshi na majani mabichi. Tanga likajaa. Kijana akasema, “Babu, hewa hii ni nzito, imepoa usiku juu ya nchi kavu. Yaenda kushika nafasi ya ile iliyopanda baharini.”

Mzee akacheka. “Mimi nilijua saa yake, na wewe wajua sababu yake. Aliye na yote mawili hapotei.”

Maswali

1. Kwa nini kopo lililofungwa si tupu hata kama halina mafuta ndani?
2. Katika jaribio la chupa, kwa nini maji yalipanda shingoni chupa ilipopoa?
3. Mtu mmoja alisema, “Chuma hutanuka kwa sababu chembe zake hunenepa.” Msahihishe kwa mfano wa ngoma.
4. Reli ya kilometa 2 ikizidi joto kwa digrii 30, hurefuka kadiri gani?
5. Kwa nini bilauri nyembamba haipasuki upesi kama bilauri nene ikitiwa chai ya moto?
6. Eleza kwa nini mvuvi hutoka alfajiri na kurudi alasiri.
7. Muulize mzee mmoja wa kijiji chako majira ya kaskazi na kusi, uyaandike, kisha umweleze sababu yake.